Kadi Sita za Mageni

Febronia alimwita mwanawe aje anywe uji, akaitikiwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Sauti ilitokea nyuma ya kihenge cha mtama, na mtoto mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake kwenye kigoda, mashavu yamejaa uji.

"Otmar!" aliita tena, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole.

"Abee, mama!"

Abee ni kuitika kwa mtoto wa kike. Otmar alikuwa dume la miaka mitatu, tangu ajue kusema anaitika "naam" kwa kiburi kama diwani. Sasa alimeza uji wake, akamtazama mama yake, asiitike chochote. Alimtazama kama vile jina lililoitwa halimhusu.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, kuku wanaparura uani. Watu wengine watakwambia hakuna jini anayejiheshimu anayetoka saa tatu asubuhi. Hao wamezoea majini ya kwao. Jini la shimo la dhahabu halijui saa. Huko chini linakokaa ni giza mchana na giza usiku, likichoka na giza linatoka, basi.

Febronia alizunguka kihenge. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya spiriti, ile wanayopaka manesi begani kabla ya kuchoma sindano, na mavumbini palikuwa na nyayo za mtoto asiye na viatu. Zilikuja mpaka ukutani. Za kurudi hazikuwepo. Na mguu wa kushoto ulikosa kidole cha mwisho, kile kilicholiwa na funza.

Febronia alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mguu ule alikuwa ameuosha kwa mikono yake mwaka mzima.

Ulikuwa mguu wa Mageni, mtoto wa marehemu mdogo wake. Mdogo wake huyo aliwafuata wachimbaji wa dhahabu Mwakitolyo akafia hukohuko, akaacha binti wa miaka mitano, mdogo wa umbo kiasi kwamba ungempa mitatu. Febronia akamchukua. Akamlisha, akamtoa funza, akamfundisha kumwita mama mkubwa. Wiki tatu kabla ya asubuhi ile, Mageni alikuwa hai.

Mwaka wenyewe ni themanini na mbili, na aliyeuishi hahitaji kuelezwa. Sukari ilikuwa inasikika redioni tu. Sabuni ikifika duka la kijiji, watu wanapanga matofali kushika foleni usiku kucha. Katibu kata akaja na tangazo: Landrova ya chanjo ya surua inapita, na nyumba yenye mtoto mdogo isiyo na kadi ya chanjo iliyopigwa muhuri haitapata sukari wala sabuni. Kila balozi wa nyumba kumi atajibu kwa nyumba zake.

Balozi wa pale alikuwa Stanslaus, mume wa Febronia, mwanamume wa kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Katika nyumba zake kumi, sita zilikuwa na watoto wadogo, na katika hizo sita hakuna mzazi aliyekuwa tayari kumtoa mtoto wake. Kwao surua ilikuwa kitu cha kutoka. Ukiiacha inachanua kwenye ngozi, inapukutika, inakwenda zake. Ukiichoma sindano inashtuka, inarudi ndani, inakula utumbo.

Febronia ndiye alikuwa shahidi wao mkubwa. Mtoto wake wa kwanza, Tereza, aliugua surua siku nne nyumbani, wakimsubiri achanue. Alipoanza kupumua kwa shida ndipo wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali. Akachomwa sindano saa nane, saa kumi akafa. Kwamba mtoto alifikishwa pale akiwa ameshachelewa, hakuna aliyekaa chini akamweleza. Daktari alikuwa na foleni, na Febronia alikuwa na maiti mgongoni.

"Otmar hachomwi," alimwambia mumewe. "Sukari wanywe wao."

"Nani kasema achomwe Otmar?" Stanslaus alisema. "Kadi inataka jina na bega. Jina nitawapa la Otmar. Bega tunalo." Akamtazama Mageni aliyekuwa anachambua mboga.

Wazazi wa nyumba sita waliposikia, walicheka mpaka wakashika mbavu. Ngassa, jirani mwenye mtoto mmoja aitwaye Marselino, alimpapasa Mageni kichwani. "Wengine wana ng'ombe wa maziwa. Sisi tuna ng'ombe wa chanjo!"

Ikafanyika hivyo. Siku ya kwanza Landrova ilisimama kwenye ghala la pamba la kijijini, ya pili Samuye, ya tatu Isaka. Kila siku Mageni alibebwa na akina mama wawili, mmoja baada ya mwingine. Asubuhi amefungwa khanga na kofia ya sufu, mchana amenyolewa na kuvalishwa bukta. Nesi alikuwa anachoma watoto mia tatu kwa siku. Alikuwa anaona mabega tu, sura hazitazami.

Mageni aliona ni mchezo. Kila asubuhi aliuliza, "Leo naitwa nani, mama mkubwa?" Akiambiwa "Marselino," anarudia njiani kote asisahau. Akiambiwa "Gelasius," jina la mtoto wa jirani yao Limi, hivyohivyo. Jina la mwisho alilopewa, kule Isaka, lilikuwa Otmar. Febronia ndiye aliyembeba, ndiye aliyemshika mkono wakati unachomwa.

Kadi zikawa sita, zimepigwa muhuri. Na Mageni akapata homa, kama mtoto yeyote anavyoweza kupata homa akichomwa, sembuse aliyechomwa mara sita ndani ya siku tatu. Homa ya kulala siku mbili ikapita zake. Lakini Limi alikuja, akamchungulia, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Mayu, mama wee! Surua sita zimo humo ndani! Zikichanua kwa pamoja, mtaa huu utabaki na mtoto gani?"

Wakakubaliana kabla chai haijapoa, na chai yenyewe ilikuwa na sukari ya kadi. Mtoto atengwe. Akapelekwe kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hukaa kufukuza ndege, katika shamba la mtama la Stanslaus. Shamba hilo lilipakana na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, moja la zamani lililoachwa baada ya kumeza watu wawili. Stanslaus na Ngassa wakambeba.

"Maji na chakula nitampelekea mimi kila siku," Stanslaus alimwambia mkewe. "Wewe ukikanyaga kule, usirudi kumgusa Otmar."

Siku ya kwanza akavumilia. Ya pili akavumilia. Ya tatu akaiba uji kwenye kibuyu, akaenda. Akasimama hatua hamsini kutoka kwenye dungu, kwa kumwogopea Otmar wake, akaita, "Mageni!"

Upepo ulipita kwenye mtama. Halafu sauti ndogo, kavu, ikajibu.

"Mageni hayupo, mama mkubwa. Leo naitwa nani?"

Sauti haikutoka juu kwenye dungu. Ilitoka chini, ardhini, upande wa duara. Febronia aliweka kibuyu njiani, akakimbia, na alipofika nyumbani alijiambia kwamba upepo wa mtama unageuza sauti.

Kesho yake Stanslaus alisema dungu ni tupu, fisi wamefanya kazi yao. Matanga hayakuwekwa. Aliyekufa kwa surua, walisema, haliliwi, ukimlilia unamwita arudi na wenzake. Nyumba sita zikaendelea kunywa chai.

Kwa hiyo asubuhi ile nyuma ya kihenge Febronia hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Ngassa. Siku hiyohiyo, saa sita mchana, jua limesimama utosini na kila kitu kimekosa kivuli, alitoka nje kumwita mwanawe. "Marselino! We Marselino!" Kutoka kwenye mtama ikaja "Abee, baba!" tamu kama asali. Mke wake alimwona akiokota fimbo, anatukana, anaingia shambani kumfuata mtoto mtundu. Marselino alikuwa amelala ndani, uvunguni mwa kitanda. Walimtoa Ngassa kwenye duara baada ya siku mbili, kwa kamba. Hakuwa amevunjika hata mfupa. Bega lake la kushoto lilikuwa limevimba, limeiva, na katikati pana kitundu kimoja kidogo, safi.

Baada ya Ngassa ikawa zamu ya Limi, na Limi walimuwahi. Wanawake watatu walimshika khanga yake kwenye mdomo wa duara, mguu mmoja tayari uko hewani, wakamrudisha, na alichokiona alikisimulia kwa mnong'ono, akitazama mlango, kwamba aliifuata sauti ya Gelasius ikimwita njoo mama njoo unione, na kadiri alivyokaribia alisikia maji yanachemka na vyuma vinagongana ndani yake, ting, ting, ting, kama sindano zinavyochemshwa kwenye sufuria ya nesi, na pale ukingoni palikuwa na mtoto ameketi amempa mgongo, amevaa khanga ambayo Limi mwenyewe ndiye aliyemfunga siku ya chanjo, na mtoto yule bila kugeuka alinyoosha mkono kusubiri kuchomwa, halafu wa pili, halafu wa tatu, ikawa sita, yote myembamba, yote imevimba begani, yote imenyooshwa kwake yeye.

Alipofika nyumbani alimkuta Gelasius wa kweli ana homa, macho mekundu. Kesho yake vipele vikatoka. Ilikuwa surua ya kawaida kabisa, iliyokuja na abiria kutoka upande wa Kahama, ile ambayo chanjo ingeizuia. Limi alimkimbiza Isaka kwa dada yake, mtoto akafia huko siku ya tano. Kadi yake ilikuwa juu ya kabati, imepigwa muhuri.

Basi mtaa ukaacha kuita. Hebu fikiri, nyumba kumi za Wasukuma na hakuna sauti ya mtu kuita mtu! Mama alimtaka mwanawe kwa kupiga makofi. Mume alimtaka mke kwa kumtupia kokoto. Mtama uliiva ukapukutika, hakuna aliyethubutu kuuvuna. Na kila asubuhi Febronia alimwinamia Otmar sikioni, akamnong'oneza jina lake, na mtoto akamtazama tu, kila siku kwa mbali zaidi. Siku aliyouliza kwa adabu, "Otmar ni nani?" Febronia alimfunga mgongoni, akadandia lori la mizigo hadi Isaka.

Alimwendea Mwanaima, mjane aliyekaa nyuma ya stesheni, muosha maiti na mganga wa kombe, wa kuandika aya na kuzinywesha. Mama huyo alimnusa kabla hajaketi.

"Unanuka hospitali, mwanangu, na hujatoka hospitali."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema yote. Ukibakiza, unambakizia mwanao."

Febronia akasema yote. Mwanaima alisikiliza huku anasugua miguu yake kwa mafuta ya nyonyo. Mwisho akasema, "Jini la shimo halina jina. Ndiyo maana hukaa shimoni, haliwezi kubisha hodi kwa mtu. Ninyi mmelipelekea mtoto mwenye majina sita. Limempakata, sasa lina milango sita."

"Lifukuze, bibi. Nitatoa chochote."

"Nimfukuze nani? Majina yale mtoto kayapata kwa bega lake. Ni mali yake halali. Kama unataka la mwanao lirudi, mpeleke mwanao palepale lilipotoka. Mbele ya watu. Useme huyu hajachomwa, achomwe yeye. Halafu akiitwa aitike kwa mdomo wake, ndipo mlango ufungwe."

Febronia alimkumbatia Otmar. "Sindano ndiyo iliyoniulia Tereza."

"Aliugua siku ngapi kabla ya hiyo sindano?"

"Nne."

"Mwaka huu peke yake nimeosha watoto kumi na mmoja wa surua," Mwanaima alisema. "Kila mama nilimuuliza, huyu alichanjwa? Kumi walisema hapana. Wa kumi na moja alikuwa Limi wako, alilala hapa kwa dada yake akaniambia ukweli. Bado sijaosha aliyechanjwa. Mimi sijasoma, lakini kuhesabu maiti najua." Akafunga chupa ya mafuta. "Kitu kimoja sikielewi. Tangu uingie, kuna mtoto anauliza mlangoni hapo, ngazi iko wapi?"

"Ngazi gani?"

"Ya kushukia kwenye dungu. Anasema aliamka, ana kiu, ngazi haipo. Akaruka. Alikuwa anatafuta maji, akayasikia yanadondoka chini ya shimo."

Febronia aliipata ngazi jioni ileile, nyuma ya nyumba yake, imefunikwa mabua. Stanslaus alimkuta ameishika.

"Uliitoa lini?"

"Sasa ningeiacha arudi nayo surua? Ungependa arudi?" Mwanamume alicheka kidogo, kicheko cha balozi. "Nilikulindia mwanao."

"Na maji?"

"Siku ya kwanza nilipeleka."

"Siku zile nyingine?"

Stanslaus aliangalia kalamu zake. "Mama Otmar, mambo yameshapita. Na hiyo safari ya Isaka, nimesikia. Ukifungua mdomo mbele ya serikali, mimi ndiye nitakayefungwa. Umenisikia?"

"Nimesikia," Febronia alisema, akairudisha ngazi pale alipoikuta, akaenda kupika.

Kwa sababu ya surua Landrova ilirudi wiki iliyofuata, ikasimama kwenye ghala la pamba. Febronia alisubiri Stanslaus aende kuoga mtoni, akamfunga Otmar mgongoni, akatoka. Ndani ya ghala watoto zaidi ya thelathini walikuwa wanalia kwa pamoja. Sufuria ilikuwa inachemka kwenye jiko la mafuta ya taa, ting, ting, na harufu ya spiriti ilimjia puani na kumrudisha kwenye maiti ya Tereza, joto lake likipungua kidogo kidogo mgongoni, lakini miguu iliendelea kwenda mpaka meza ikamgusa tumbo.

"Jina la mtoto?" nesi aliuliza.

"Otmar Stanslaus."

Nesi alifunua daftari. "Huyu alichomwa Isaka."

"Aliyechomwa Isaka ni mtoto wa mdogo wangu, alikuwa anaitwa Mageni. Tulimchomesha mara sita kwa majina ya watoto wetu, tupate sukari. Halafu tukamtupa, akafa akitafuta maji. Huyu hajachomwa."

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti iliyofika kwenye magunia ya mwisho. Foleni nzima ikamgeukia, watoto tu ndio waliendelea kulia. Kisha mjane wa Ngassa alitoka nyuma, akaweka kadi ya Marselino mezani, akaisukuma mbele kwa kidole kama kitu chenye uchafu. Akaja mwingine. Na mwingine. Nesi aliangalia zile kadi, kisha kwa mara ya kwanza akaangalia nyuso.

Akamchoma Otmar. Mtoto alipiga yowe, yowe nene, la hasira, lake mwenyewe, akamng'ang'ania Febronia shingoni na kumwita mama kwa namna ambayo hakuwa amemwita kwa wiki tatu. Febronia alihisi moyo wake umerudi mahali pake.

Nje, ng'ambo ya uwanja, Stanslaus alikuwa anakuja mbio, shati halijafungwa vifungo, amesahau kabisa kwamba mtaani watu hawaitani tena.

"Otmar! Otmar! Uko wapi?"

"Abee, baba!"

Ilitoka kwenye mtama ukingoni mwa uwanja, upande wa duara, si ghalani. Stanslaus alisimama. Aliangalia ghala lenye kilio cha watoto thelathini, ambacho hakuna baba angeweza kumtambua mmoja ndani yake. Aliangalia mtama.

Mlango ulikuwa wazi. Febronia alikuwa anamwona vizuri, hatua ishirini hazifiki. Kilichotakiwa ni neno moja tu. Begani kwake Otmar aliinua kichwa, akavuta pumzi, akafungua mdomo amwitike baba yake.

Febronia alimziba mdomo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto makamasi.

"Mama," nesi aliuliza bila kuinua uso kwenye daftari, "yule anayeita huko nje si mumeo?"

Stanslaus alikuwa ameshainama, anatenganisha mabua kwa mikono miwili, anatabasamu.

"Simfahamu," Febronia alisema. "Andika, nesi."